Tumbo la Mzee Ramadhani

Siku ya kuniaga walinipa maikrofoni nikiwa nimeshashiba pilau. Nikashukuru kwa maneno machache, nikakaa. Vijana wa wodi ya upasuaji hawakupenda. "Mama Upendo, umetudhulumu," walisema. "Tulitaka utusimulie kazi." Basi sasa nakaa barazani kwangu Maisaka, sina wa kuniita wala wa kunifokea, na naandika. Vyeo sitavisema, kwa sababu kila kimoja kilikuja kikiwa kimechelewa. Mshahara nao mnaujua, maana na wenu ni huohuo. Nitasema habari za matumbo. Ndiyo kazi niliyoifanya.

Nilifika Babati nikiwa tabibu mpya kabisa, barabara ikiwa bado ya vumbi, koti langu jeupe likageuka rangi ya udongo kabla sijaripoti. Niliyekabidhiwa kwake alikuwa Dk. Tluway, mtu wa Dareda, mrefu, mkimya, Kiswahili chake kikitokea ndani kabisa ya koo kama cha Wairaqw wengi wa rika lake. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipeleka kitandani kwa bibi mmoja aliyekuwa analalamika tumbo, akasema, "Pima."

Nikabonyeza. Bibi akaruka.

"Unabonyeza kama unachagua embe sokoni," Dk. Tluway akaniambia. "Kwanza mikono yako ina baridi. Isugue. Halafu weka kiganja, utulie. Tumbo litakuzoea, ndipo litakwambia."

Nikasugua mikono, nikaweka kiganja, nikatulia. Bibi akanitazama, akacheka, akasema kwa Kiiraqw jambo ambalo wauguzi walikataa kunitafsiria. Lakini tumbo lilitulia kweli, na chini ya vidole vyangu nikasikia wengu umevimba hadi karibu na kitovu. Siku ile nilitoka wodini natembea kama niliyevumbua kitu.

Vifaa vyetu wakati ule mngevicheka. Vyombo vya upasuaji tulivichemsha kwa jiko la mafuta ya taa, na aliyesimamia jiko alikuwa na heshima kuliko mhasibu. Glovu zilifuliwa, zikaanikwa kwenye kamba kama soksi, zikapakwa poda, zikarudi kazini. Umeme ukikatika katikati ya upasuaji, mhudumu alishika tochi, na Dk. Tluway alisema neno moja tu, "Karibu," akimaanisha tochi, siyo mtu. Vijana wa sasa mkiona taa ya thieta imepepesa mara moja mnaandika malalamiko. Andikeni tu. Sisi hatukujua kwamba inawezekana kulalamika.

Kuna mgonjwa mmoja wa miaka ile ambaye sikumsahau. Alikuwa mkulima wa Bonga, mtu mzima, amekonda sana, na kuzunguka kitovu alikuwa na kitu kigumu kama mkate uliokauka. Dk. Tluway alimpasua, mimi nikishika vibanio. Tulichokiona hakikufanana na kansa tuliyoizoea. Yale mafuta laini yanayoshikilia utumbo, ambayo kwa kawaida yana rangi ya siagi na yanateleza, yalikuwa yamekakamaa, yamejikunja, yameivuta mishipa ya damu ndani yake. Daktari aliyatazama kwa muda mrefu bila kuyagusa. Halafu akakata kipande kidogo sana ukingoni, akakitia kwenye chupa ya fomalini, akafunga tumbo.

"Kwa nini hatukutoa?" nikamuuliza tukinawa.

"Damu yote ya utumbo inapita humo. Ukiyatoa, umeua utumbo wote, na mtu anaufuata."

"Sasa ni nini?"

"Sijui," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia daktari akilisema neno hilo kwa sauti. "Ndiyo maana nimekata kinyama. Bila kinyama hakuna jina, na bila jina tunampa mtu dawa ya kubahatisha."

Chupa ilisafirishwa kwa basi. Jibu halikurudi. Mgonjwa alirudi Bonga kwa ndugu zake, nasi tukasikia baadaye kwamba amezikwa. Dk. Tluway aliendelea kuulizia chupa ile hadi watu wa maabara wakawa wanamkwepa.

Nilikwenda kusoma, nikarudi daktari msaidizi, nikapasua watu wengi, ngiri zilizobana, vidole tumbo vilivyopasuka, utumbo uliojisokota msimu wa njaa ulipoisha na watu wakala sana kwa mkupuo. Dk. Tluway alistaafu, akaenda kulima vitunguu. Mashine ya ultrasaundi ikaja, na kwa mwaka mzima wagonjwa waliamini kwamba ile jeli ya baridi ndiyo dawa yenyewe. Barabara ikawekwa lami. Simu zikaja. Na hapo ndipo ninapofika kwa Mzee Ramadhani.

Mzee Ramadhani ni mwenye bucha hapa Maisaka. Kama umewahi kula nyama Babati, kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye ndiye aliyeikata. Ni mtu mwenye kifua kama mlango, sauti inayosikika ng'ambo ya barabara, na tabia ya kukuongezea kipande cha ini bila kuombwa kisha kukusimanga nacho wiki nzima. Mimi na yeye ni wa umri mmoja takriban, na kwa hiyo amkio letu siku zote lilikuwa utani tu.

Siku hiyo nilikwenda kununua nyama ya Jumapili, nikamkuta amekaa kwenye kiti, mwanawe Idi ndiye anayekata. Aproni aliyozoea kuivaa ikambana ilikuwa imemzunguka karibu mara mbili.

"Mzee, unaumwa?"

"Harufu," akasema kwa sauti ndogo. "Mama Upendo, harufu ya nyama inanitapisha. Mchinjaji gani huyo?"

Nikamwambia Idi aoshe mikono, afunge bucha, amlete baba yake hospitali mara moja. Idi alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini alitii kama mwanafunzi.

Alikuwa amevumilia kwa miezi. Maumivu kuzunguka kitovu, tumbo kujaa kila akila, homa ndogondogo za jioni, kilo zikiporomoka. Mtaani walikuwa wameshamalizana naye. Wengine walisema ni virusi, wengine wakasema amerogwa na wenye bucha wenzake. Nilisugua mikono, nikaweka kiganja, nikatulia. Chini yake nikasikia kitu kigumu, kipana, kimelala katikati kama mkate uliokauka.

Hospitalini kwetu alikuwapo Dk. Gasper, bingwa wa upasuaji, kijana mwenye mikono mizuri kuliko yote niliyofanya nayo kazi. Alipiga ultrasaundi, akaona wingu jeupe kwenye shina la utumbo. "Hii inaweza kuwa kansa ya tezi za limfu," akasema, "inaweza kuwa TB ya tumbo. Tumpeleke akapigwe CT." Lakini kabla safari haijapangwa Mzee Ramadhani akaanza kutapika kila kitu hadi maji, tumbo likavimba, utumbo ukawa umebanwa. Tukampitishia mpira puani, tukamwekea dripu, na haikutosha. Asubuhi tukamwingiza thieta.

Dk. Gasper alipofungua, mafuta yale yalikuwa yameiva rangi ya kahawia, magumu, yamejaa vinundu, yamekunja utumbo mwembamba kama mtu aliyekamata kamba na kuivuta. Mishipa ilipita katikati yake.

"Naweza kujaribu kuuondoa uvimbe wote," Dk. Gasper akasema taratibu. Kisha akaingiza kidole nyuma, akafuatilia mshipa mkubwa, akatikisa kichwa. "Hapana. Atatoka hapa bila utumbo."

"Nimeshaona hii," nikamwambia. "Mara moja. Bonga."

"Ilikuwa nini?"

"Jibu halikuja."

"Hili litakuja," akasema. Akaukwamua utumbo pale ulipobanwa na vijitando vya kovu, akakata vipande vitatu vya maana kutoka ndani, siyo ukingoni, akafunga. Viwili vilikwenda kwenye fomalini. Kimoja kilikwenda kwenye mashine ya kupima TB. Safari hii hatukumwachia kondakta wa basi, Idi alibeba chupa mwenyewe mapajani mpaka hospitali ya rufaa, na nasikia kila abiria aliyemuuliza amebeba nini alimjibu, "Baba yangu."

Huku nyuma, Mzee Ramadhani alikuwa ameshajihukumu. Aliposikia kwamba tumefungua na kufunga bila kutoa kitu, alielewa kama wanavyoelewa wote. Mkewe, Mama Idi, alinifuata koridoni akilia kimyakimya.

"Ameita kikao cha ukoo," akanieleza. "Anagawa. Nyumba kwa huyu, friza la bucha kwa yule. Uji hataki. Anasema chakula kisipotee kwa maiti."

Nikaingia wodini. Ndugu walikuwa wamezunguka kitanda, nyuso chini.

"Shikamooni wakubwa," nikasema. "Naomba mnipishe kidogo na mgonjwa wangu."

Wakatoka. Nikavuta kiti.

"Baba Idi, ukichinja mbuzi, ukimtoa utumbo, umeshikiliwa na nini?"

Akanitazama kama niliyepungukiwa. "Na mafuta yake. Yale yenye mishipa. Tunayavua tukisafisha."

"Ya kwako yamevimba. Yameshika moto yenyewe, bila mtu kuyawasha, kisha yakageuka kovu, na kovu linabana. Hicho ndicho tulichokiona. Inaweza kuwa kansa imejificha humo, inaweza isiwe. Jibu linakuja. Mpaka lije, friza ni la kwako."

"Yanakuwa magumu? Rangi ya kahawia?"

"Ndiyo."

"Niliwahi kuona ng'ombe hivyo, zamani. Nikamtupa." Akameza mate. "Sasa mimi mtanitupa?"

"Kunywa uji," nikamwambia. "Ng'ombe wako hakuwa na daktari."

Alikunywa nusu kikombe. Mama Idi alikiosha kikombe kile kama cha dhahabu.

Jibu la TB lilikuja kwanza, safi. Kisha siku moja mchana, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kufunga kidonda cha mtu mwingine, simu ikaita. Alikuwa daktari wa patholojia wa kule rufaa, mwanamke mwenye sauti ya haraka. Nilitoka nje na glovu mkononi.

"Huyu mgonjwa wenu hana kansa," akaniambia. "Nimeangalia, nikaongeza rangi maalumu kutafuta kansa ya tezi, nikamwita na mwenzangu aangalie. Ni mafuta yaliyokufa, uvimbe, na kovu. Kitabuni huitwa mesenteraitisi. Ni adimu, mimi mwenyewe nimeuona mara chache mno. Lakini unatibika."

Nilimwomba aseme tena lile neno la mwisho. Akalisema. Vijana, katika kazi hii mtasikia maneno mengi, lakini mkisikia hilo kuhusu mtu mliyeanza kumzika, simameni mlisikilize vizuri. Mimi nililia palepale karibu na tangi la maji, na mlinzi akadhani nimefiwa.

Yule daktari wa patholojia alitupa utaratibu, na bingwa wa magonjwa ya ndani akauongezea. Predinisoloni ya kuzima moto wa mafuta. Tamoksifeni ya kuzuia kovu lisiendelee kukaza. Kabla ya kuanza, dawa za minyoo, kwa sababu kuna minyoo inayolipuka mwilini mtu akipewa predinisoloni. Kipimo cha virusi. Kipimo cha sukari. Na kuhakikisha kabisa kwamba TB haipo, maana dawa hiyo ingeifungulia mlango. Andikeni hayo pembeni. Aliyekimbilia kutoa predinisoloni kabla ya hayo hajatibu, amecheza.

Nikadhani vita imekwisha. Kesho yake Mzee Ramadhani akakataa dawa.

Idi ndiye aliyeanza, kwa adabu, simu mkononi. "Daktari, usinielewe vibaya. Nimeitafuta hii tamoksifeni. Wameandika ni dawa ya kansa ya matiti. Ya akina mama."

Mzee akadakia kutoka kitandani. "Mnanificha! Nina kansa, na zaidi ya hapo mnanigeuza mwanamke!"

Wodi nzima ikacheka, naye hakucheka. Nikaona hofu machoni mwake. Alikuwa ameanza kuamini kwamba atapona, na sasa aliona tumemdanganya kwa wema, kama watu wanavyodanganywa. Maneno yangu yasingetosha. Nikampigia yule daktari wa patholojia, nikaweka simu kwenye spika, nikaishikilia karibu na mto.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba," akajibu kwa mashaka.

"Mimi ndiye niliyekitazama kinyama chako. Mwanao alikileta mapajani, nikampokea mwenyewe. Ungekuwa na kansa ningekwambia, maana tungehitaji kuanza dawa nyingine haraka. Huna. Hiyo dawa tunaiazima kwa akina mama kwa sababu inajua kuzuia makovu. Ukimaliza kuitumia tutawarudishia."

Kile kifua kikaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika mshono. "Haya," akasema. "Waambie akina mama nitaitunza." Akanyoosha mkono, nikaweka vidonge kiganjani, akavimeza mbele ya ndugu zake wote.

Kwa siku za kwanza hakukuwa na la kusimulia. Kisha maumivu yakashuka. Homa za jioni zikakoma. Asubuhi moja nilipoingia wodini Mama Idi alikuwa amesimama mlangoni, kitenge mdomoni.

"Ameomba supu," akasema.

"Supu gani?"

"Ya mbuzi! Na amesema isiwe ya bucha la mwingine."

Dk. Gasper, ambaye hakuwa mtu wa mizaha, aliinua mikono miwili juu kama mchezaji aliyefunga goli. Idi alikwenda mbio. Mzee alikunywa ile supu polepole, akanusa, akatangaza kwamba mwanawe amekata nyama vibaya. Hapo ndipo nilipojua tumemrudisha.

Alitoka akitembea mwenyewe. Predinisoloni ilimvimbisha mashavu, wateja wakaanza kumsifu kwamba amenawiri, naye hakuwasahihisha. Sukari ilipanda kidogo, tukamkataza soda, na kwa hilo alininunia kuliko kwa upasuaji. Mara moja tu alinitia hasira. Nilipita bucha nikamsikia akimwambia mteja kwamba amepona, na vidonge ameamua kuviacha.

"Umeamua na nani?" nikamuuliza kutoka barabarani.

Akashika kisu, akajifanya anakinoa.

"Baba Idi, hivi vidonge vinashushwa ngazi kwa ngazi. Ukiruka, mwili unaanguka. Utazimia hapahapa juu ya nyama."

"Mama Upendo, mbele ya wateja?"

"Mbele ya wateja."

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri robo kilo akaweka mfuko chini. "Mimi sinunui mpaka ameze," akasema. Wa pili akamuunga mkono. Idi akaleta maji. Kuanzia siku hiyo watu wa Maisaka walimsimamia kuliko muuguzi yeyote. Ukienda kununua nyama ilibidi kwanza uulize kama mzee amemeza.

Tulishusha dozi taratibu. CT ya marudio ilionyesha uvimbe umenywea, umebaki kovu jembamba lisilombana mtu. Nilikwenda kwa Dk. Tluway shambani kumweleza. Alikuwa mzee sana, amekaa kwenye gunia la vitunguu. Nilimweleza kila kitu, mpaka rangi ya mafuta. Aliuliza jina la ugonjwa, akalirudia kwa lile koo lake mara kadhaa mpaka akalipatia.

"Basi lilikuwa na jina," akasema. Akanipa vitunguu vingi kuliko nilivyoweza kubeba.

Na sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo ninalojivunia kuliko yote, na mimi sikulifanya. Muda mfupi kabla sijastaafu aliletwa Mama Elibariki, mkulima wa Mutuka, amekonda, tumbo gumu, ameshawaaga watoto. Aliyempokea alikuwa Dk. Neema, binti aliyetoka chuoni juzijuzi. Nilisimama pembeni, mdomo nimeufunga kwa nguvu. Nilimwona akisugua mikono. Alipiga ultrasaundi, akampeleka CT, akasoma picha yake, akaniona nimesimama.

"Mama, mafuta yamezunguka mishipa lakini hayajaiziba," akasema. "Nadhani ni mesenteraitisi. Wamtoe kinyama kwa sindano, wakiongozwa na picha. Sitaki apasuliwe."

Nikamwambia sauti yake isitetemeke, maana yuko sahihi. Kinyama kilitolewa kwa sindano. Jibu likarudi kama alivyosema, bila kisu, bila kikao cha ukoo.

Lakini Mama Elibariki hakuamini. Aligeukia ukutani, akasema dawa wapewe watakaoishi. Dk. Neema akatoka nje, akapiga simu. Baada ya muda mlango wa wodi ukajaa mtu mmoja mwenye kifua kama mlango wenyewe, aproni bado ina damu ya ng'ombe, na muuguzi anamkimbiza akimwambia hairuhusiwi.

"Shikamoo mama," akasema Mzee Ramadhani kwa ile sauti ya ng'ambo ya barabara. Akapandisha shati, akaonyesha mshono wake kutoka juu mpaka chini. "Wewe una bahati. Mimi walinifungua kwanza ndipo wakajua. Hicho ulicho nacho nilikuwa nacho. Asubuhi ya leo nimebeba paja zima la ng'ombe kwa bega hili."

Mama Elibariki akageuka kutoka ukutani. Akautazama mshono, akalitazama bega, akamtazama usoni kwa muda.

"Wewe ndiye wa bucha la Maisaka," akasema. "Nilisikia umekufa."

"Hata mimi nilisikia."

Akajikokota akakaa kitandani, akajifunga kitenge vizuri, akanyoosha kiganja kwa Dk. Neema.

"Mwanangu," akasema, "lete hivyo vidonge."